Uso wa Kuazima

Tulimwacha Ushindi, yule muuza nyanya, amesimama katikati ya matanga, kidole chake kimeielekea picha iliyowekwa kwenye kiti. Waliokuwa wakiimba wamenyamaza. Chantal, mjane wa mtu aliyechorwa, ameshika kifua.

"Huyu mutu hajakufa," Ushindi akarudia, kwa faida ya waliokaa nyuma. "Juma hili hili alinibeba na pikipiki kule Mbarara, fasi ya Kakoba. Ni yeye. Hata hii jicho moja inayofungika kidogo, ni yake."

Chantal akaanguka. Wanawake wakamdaka kabla hajafika chini.

Na Perpétue, fundi aliyeichora picha ile? Alirudi nyuma, taratibu, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa udongo. Watu wote walikuwa wakimtazama Chantal, kwa hiyo hakuna aliyemwona. Mimi nilimwona, na wewe msomaji umemwona. Mtu asiye na la kuficha hatafuti ukuta.

Kwa aliyeanza kutufuata leo, nimweleze upesi. Tuko Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 2014. Katika kijiji hiki cha Wakongo wa Kivu ya Kusini, karibu na Misiera, hakuna aliyekimbia na albamu ya picha. Mtu alikimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, basi. Ndipo watu wakajitungia desturi yao: matanga hayamalizwi mpaka marehemu aketi. Picha yake huwekwa kwenye kiti, watu humsalimu, humwambia yaliyobaki moyoni, halafu humuaga. Na asiyekuwa na picha huenda kwa Perpétue.

Perpétue haanzi na rangi. Huanza na ndugu. Huwaketisha mbele yake, akachukua paji la uso kwa mtoto wa marehemu, mdomo kwa dada yake, shingo kwa mjomba, akavijenga pamoja juu ya turubai mpaka mwenye msiba aangue kilio. Kilio hicho ndicho kipimo chake. Asipokisikia, picha haijaisha.

Sasa Chantal hakuwa na mtoto. Alikuwa na shemeji mmoja tu, aliyepotelea migodini kabla ya harusi, wala hakupata kumwona. Alifika Nakivale peke yake, akamngoja mumewe Appolinaire mwaka baada ya mwaka, mpaka wazee wa kanisa wakamwambia imetosha, amalize matanga. Siku Perpétue alipomwonyesha picha, alilia kuliko wote waliopata kulia. "Ni yeye kabisa," alisema. Kambi ikavuma kwamba fundi amemchora mtu kwa kusikia tu.

Kwa kusikia tu? Mwulizeni ukuta.

Mzee Munyakazi, mzee wa kanisa, aliinuka na kofia yake mkononi. Si mtu mbaya, nisije nikamchafulia jina. Ni mtu mwoga aliyepewa watu wa kuwalinda.

"Bandugu," alisema, "leo tumeaga mutu muzima. Tumemuambia aende. Akikufa kesho kwa barabara, damu yake itakuwa juu ya nani?"

Akawazungushia macho waliokaa, akaendelea.

"Mi nilisemaka tangu zamani. Kuweka sura ya mutu kwa kiti, kumusemesha, haiko kazi ya Kikristo. Mukaniambia ni foto tu. Angalieni sasa foto imetuletea nini. Siku ya Mungu, kisha ibada, kila nyumba ilete yake. Tutazichoma zote. Hata ile ya kwangu italetwa."

Watu waliinamisha vichwa. Kila mmoja alijua ile ya mzee ni ipi: binti yake, aliyefia njiani wakitoroka vita. Perpétue ndiye aliyemchora.

"Mzee," sauti ikatoka ukutani. "Hazichomwi."

"Unasema?"

"Nasema picha zangu hazichomwi. Kama hii moja iko na shida, ni shida yangu na Chantal. Zile zingine zimekosa nini?"

"Zingine haziko za bazima? Unaweza kuapa hapa, mbele ya bantu, kama kila uso uliochora ni uso ya mufu?"

Perpétue akaurudisha mgongo wake ukutani.

"Siku ya Mungu," Mzee Munyakazi akasema, akavaa kofia.

*

Jumamosi asubuhi Chantal alibisha hodi kwa Perpétue amevaa kitenge chake cha harusi. Amejipaka mafuta, uso unang'aa. Kitambaa cheusi cha mjane alikuwa amekivua na kukitia ndani ya mkoba.

"Ushindi anashuka Mbarara na gari ya nyanya," alisema. "Tunaenda naye. Naenda kuchukua bwana yangu."

"Ikala kwanza, Chantal."

"Siikale. Gari iko njiani."

"Ikala. Niko na neno."

Chantal akakaa kwenye ukingo wa kiti, kama mtu aliyekuja kuomba moto.

"Ule uso niliuazima," Perpétue akasema.

"Si unaazimaka zote?"

"Zingine naazima kwa bandugu. Weye haukuwa na ndugu. Ulinipa maneno tu. Jicho moja linafungika kidogo, akicheka mudomo unaenda upande, mabega hivi na hivi. Na koti ya kijani, yenye kifungo kimoja cheupe. Koti nilichora siku moja, ikakubali. Uso ukakataa juma muzima. Bon, nikaenda Mbarara kununua rangi. Mutu wa pikipiki akanibeba kule Kakoba. Akavua helmeti, nikamuangalia, nikasema, ni huyu. Nikarudi naye kwa kichwa."

Chantal alitazama mikono yake.

"Na nilipolia, ukanyamaza."

"Nilifurahi. Nilisema mukono wangu sasa umekuwa mukubwa." Perpétue hakuinua macho. "Hasira yako nitaibeba. Nipige ukitaka."

Unadhani alipigwa? Hata. Chantal alianza kucheka, cheko la mtu aliyeambiwa mtoto amepona.

"Weye ulifikiri unaazima," alisema. "Kumbe ulimuona bwana yangu mwenyewe. Simama twende."

Hapo ndipo Perpétue alipoona shimo alilojichimbia. Kama yule mwendesha pikipiki ni Appolinaire, basi Mzee Munyakazi amesema kweli, mtu mzima ameagwa, na picha zote zitachomwa. Kama si Appolinaire, basi Perpétue ni mwongo aliyemkalisha mgeni kwenye kiti cha marehemu, na picha zote zitachomwa. Huku moto, kule moto. Na bado alibeba ile picha, akaifunga kwenye kitenge, akatoka.

Kabla ya kufunga nyumba alitupa jicho kwenye ubao ulioegemezwa ndani. Ni mlango wa zamani wa mbao, na juu yake kuna uso wa mwanamke mwenye kovu chini ya sikio, anayetazama mbele bila kupepesa. Huyo ni mama yake.

Mwaka 1996, Perpétue akiwa na miaka kumi na miwili, mkono wa mama yake ulichomoka mkononi mwake katika msongamano wa watu waliokuwa wakiikimbia Uvira. Hakumwona tena. Wa nyuma walisema wote waliobaki kule wamekwisha. Katika kambi ya kwanza mtoto yule aliokota kipande cha mkaa, akachora uso wa mama yake kwenye ukuta ili asiusahau. Kambi ya pili, ukuta mwingine, uso ule ule. Alipofika Nakivale akaanza kuchora vichwa vya wanaume kwenye mabango ya vinyozi wa Misiera, na rangi ya kwanza iliyobaki ndiyo aliyoiweka kwenye mlango huu. Ufundi wa kila uso aliochora tangu hapo umeanzia kwenye huu.

Kuna shirika moja liliwahi kumpa kazi ya kuchora watoto wa kambini. Walitaka wanaolia. Yeye aliwachora wamevaa nguo za kanisani, wamenyoosha shingo, wanakutazama machoni. Wakamwambia, hawa hawaonekani wakimbizi. Akawajibu, nendeni mukabaulize wenyewe. Kazi ikaishia hapo, na hakuijutia hata siku moja.

*

Steji ya pikipiki ya Kakoba. Ushindi amewashusha na kwenda zake sokoni. Mwenyekiti wa steji, Mnyankore mnene mwenye kizibao cha kung'aa, akawaendea na kuwasalimu kwa lugha ya kwao.

"Agandi, nyabo. Nyinyi nataka enda wapi?"

"Hatuendi fasi," Perpétue alisema. "Tunatafuta mutu." Akafunua kitenge.

Mwenyekiti akaitazama picha, akapasuka kwa kicheko.

"Banange. Huyu si Gradi? Nani navalisha Gradi koti ya wazee?" Akawaita wenzake waje waone. "Kuja hapa. Gradi nakuwa mutu kubwa."

"Anaitwa nani?" Chantal aliuliza.

"Gradi. Mukongo moja, mupole sana. Yeye napeleka mutu hosipitali, sasa hivi narudi."

Gradi. Si Appolinaire. Perpétue alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, lakini Chantal alikuwa hatikisiki.

"Amebadilisha jina," alisema kwa sauti ndogo. "Bantu wengi walibadilisha."

Pikipiki nyekundu ikaingia. Mwenyewe akazima, akavua helmeti. Na kweli, jamani, uso ulikuwa ndio. Jicho moja limefungika kidogo, mdomo umeenda upande. Chantal alikuwa tayari anatembea, mikono mbele, kitenge cha harusi kinapeperuka.

Gradi akashuka kwenye pikipiki, akapiga hatua kumwelekea mwenyekiti.

Chantal akasimama pale pale.

"Siye," alisema.

"Namna gani siye?" Perpétue alimfikia. "Angalia uso."

"Uso ni yake. Miguu si yake. Appolinaire alitembeaka anachagua fasi ya kukanyaga. Huyu anatupa miguu." Mikono ikamshuka. "Siye, Perpétue. Siye."

Niseme ukweli, roho ya Perpétue ilitulia kwanza, kabla haijamwonea huruma mwenzake. Ndivyo tulivyo.

Gradi naye alikuwa ameiona picha. Wenzake wanacheka, yeye hacheki. Aliichukua mikononi mwa mwenyekiti, akaisogeza machoni, akaiondoa, akaisogeza tena.

"Nani alichora hii?"

"Ni mimi," Perpétue akasema. "Baba, nisamehe. Uso niliuchukua kwako bila ruhusa, siku ile ulinibeba na..."

"Sikuuliza uso. Nauliza hii koti. Nauliza hii kifungo." Kidole chake kilikuwa kwenye kile cheupe. "Nani alikuambia?"

Perpétue alimgeukia Chantal.

"Kile cha kwanza kilipotea shambani," Chantal akasema. "Hakukuwa cha kijani dukani. Nikashona cheupe. Akanichekelea."

Gradi aliketi chini, kwenye ukingo wa barabara, na picha magotini. Wale wenzake wakarudi kwenye pikipiki zao mmoja mmoja, kwa aibu.

"Ni weye bibi ya Appolinaire," alisema. "Shemeji. Mi ni Petit, mudogo wake."

"Petit wa migodi?"

"Ndiyo, nyumbani baliniitaka hivyo. Nilitoka migodini kutafuta ndugu yangu, nikamukuta Fizi, risasi iko kwa tumbo. Tulikaa naye siku ile moja. Alinionyesha hii kifungo. Akasema, bibi yangu alishona, usikitoe. Nikamuzika na koti. Nilichimba mimi mwenyewe." Alipangusa uso kwa mkono. "Juu yako baliniambia kijiji chenu chote kiliungua. Shemeji, mi sikukuachilia. Nilijua ulikufa."

Chantal hakupiga kelele. Alifungua mkoba, akatoa kile kitambaa cheusi, akajifunga kichwani, akakaza fundo. Kisha akainama na kumshika Gradi mabega kwa mikono miwili.

"Aksanti kwa kumuzika," alisema.

Najua mnavyosema huko mlipo. Mwandishi ameanza kujitengenezea. Waendesha pikipiki wote wa Mbarara, fundi akaangukia ndugu wa marehemu? Haya, fikirini pamoja nami. Juma zima Perpétue alikuwa amelishwa maneno ya Chantal, jicho, mdomo, mabega. Alipokwenda mjini alikuwa akimtafuta mtu anayefanana na maneno yale. Na nani angefanana nayo kuliko aliyetoka tumbo moja na mwenyewe?

"Kesho banachoma picha zote za kambi," Perpétue alimwambia Gradi. "Hii yako ndiyo sababu. Ukuye, uwaambie ulichoniambia."

Gradi alitazama upande mwingine.

"Mi sipendi mambo ya kanisa na bazee," alisema. "Nitaona."

*

Jumapili ibada iliisha mapema. Watu walitoka uani na picha zao wakaziweka chini, moja juu ya nyingine, karibu na jiko la akina mama wa kwaya. Walizilaza kifudifudi. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Ya Mzee Munyakazi ilitangulia. Aliileta mwenyewe, na mkewe Mukashema akimfuata nyuma bila neno. Sasa mzee alisimama na dumu la mafuta ya taa, akitazama barabara. Gradi hakuonekana. Wala Perpétue.

"Tusali," mzee akasema.

"Mungojee," sauti ikasema.

Perpétue alikuwa anaingia uani na mlango mgongoni. Ndiyo, mlango mzima, ameufunga kwa kamba kama mzigo wa kuni. Watu wakampisha. Mzee Munyakazi alivuta pumzi, akidhani mwanamke ameshindwa na ameleta cha kwake.

Perpétue aliutua mlango mbele ya lundo, akausimamisha, akaugeuza ili mama yake awatazame. Halafu akainama kwenye lundo na kuanza kugeuza picha. Moja. Nyingine. Nyingine. Kila aliyeigeuza aliilaza chali, uso juu. Mababu, mabinti, mabwana harusi, mtoto mwenye jino moja. Ua ukajaa macho.

"Unafanya nini?" mzee akauliza.

"Kama munachoma bantu, mubaangalie. Na anayewasha aanze na huyu wangu." Akaweka kiganja juu ya mlango. "Sitamuzuia. Lakini amuangalie macho."

Kiberiti kilikuwa mkononi mwa mzee. Hakukipiga.

"Tujibu kwanza," alisema. "Ule mutu wa Kakoba ni muzima ao hapana?"

"Ni muzima."

Minong'ono ikapita kama nyuki.

"Lakini haiko Appolinaire. Ni ndugu yake. Appolinaire alikufa, huyo ndiye alimuzika. Chantal alisikia na masikio yake."

Chantal akasogea na kitambaa chake cheusi, picha ya Appolinaire mikononi. "Ni kweli," alisema.

Mzee Munyakazi alifikiri kidogo, maana si mbaya wala si mjinga.

"Basi ulitudanganya," alisema. "Ulituambia huyu ni Appolinaire, kumbe ni mutu mwengine. Tulimulilia mutu tusiyemujua. Hiyo ni mubaya kupita ile ya kwanza."

"Niliazima," Perpétue akasema, na safari hii hakutafuta ukuta. "Ndiyo, niandikeni hivyo. Naazima kila siku. Mufu hana uso wa kuniletea, mzee. Nitautoa wapi, kama si kwa bazima? Paji hii ni ya Mariette, ile pale kwa picha ya mutoto wake. Hii mudomo ni ya Kabanda, amesimama hapo nyuma. Kila uso hapa chini umebebwa na mutu aliye hai. Ndiyo kazi yangu. Ukitaka kuchoma sura za bale bamekufa, ubachome na hawa wanaotembea nazo."

Pikipiki ililia barabarani. Nyekundu.

Gradi aliingia bila kuvua helmeti, akaivua alipofika katikati. Wanawake wawili wakarudi nyuma. Ni uso walioupungia mkono wa kwaheri siku mbili kabla, na huo hapo unatokwa jasho.

"Mi ndiye munasema," alisema. "Mimi na Appolinaire tulinyonya ziwa moja. Kule nyumbani mama mwenyewe alituchanganyaka. Sina foto ya ndugu yangu hata moja. Jana ndiyo mara ya kwanza nimemuona tangu nilipomufunika na udongo." Akageukia mzee. "Kama muliniaga mimi, haya, nimerudi. Munisalimie. Lakini ile picha musiiguse."

Mzee Munyakazi alitazama uso ulio hai, akatazama ule wa kwenye turubai. Kiberiti kikazunguka vidoleni mwake.

Aliyetoka kwenye umati hakuwa yeye. Alikuwa Mukashema. Alipita mbele ya mumewe, akapiga magoti penye lundo, akaokota picha ya binti yao.

"Mukashema," mzee akamwita.

"Niachilie niseme. Kabla ya hii, mi nilikuwa nimesahau sura ya mutoto wangu. Weye haujui, sikukuambia. Nilikuwa nafunga macho namutafuta, simupati. Ni mama gani anasahau mutoto? Nilikuwa na haya ata kusali. Perpétue akaniazimia mudomo yangu mwenyewe, akamurudisha." Alisimama, picha kifuani. "Nilimupoteza mara moja. Weye unataka nimupoteze tena, na wewe ndiye unawasha. Hapana, bwana yangu. Leo hapana."

Akaenda nyumbani.

Mwenye mtoto wa jino moja akafuata. Kisha Mariette. Kisha hata Kabanda, ambaye asubuhi ndiye aliyeshauri mafuta yaongezwe. Watu walipangusa vumbi kwenye nyuso kwa ncha za vitenge vyao, wakaondoka nazo, na lundo likaisha. Mzee Munyakazi alimkimbilia mkewe, akaomba walau amsaidie kubeba. Mukashema hakumpa.

Perpétue alikuwa ameshinda. Alitaka kucheka, akajikuta analia, na hakujali nani anaona. Aliinama kufunga kamba za mlango wake.

"Huyu naye ni nani?" Gradi aliuliza nyuma yake.

"Mama yangu. Alikufa mwaka wa makumi tisa na sita."

"Yeye uliazima kwa nani?"

"Huyu sikuazima. Huyu nilitoka naye Uvira, kwa kichwa."

Gradi alichuchumaa mbele ya ubao. Akaziba nywele za mama yule kwa kiganja, akaacha uso peke yake.

"Umemufanya kijana," alisema. "Sasa amejaa mvi."

Perpétue akaacha kamba.

"Nani?"

"Mama Mandazi. Alikuya mwaka huu kutoka kambi ya Kyaka. Anapikaka nyuma ya steji yetu, kwa uwa wa garaji, tunakunywa chai kwake kila asubuhi. Macho ni hii. Na hii kovu chini ya sikio, ni hii hii."

Bantu wanafanana, Perpétue alitaka kusema. Ndilo neno aliloliishi siku tatu. Badala yake aliuliza:

"Hiyo kovu ilitoka wapi?"

"Alituhadithiaka. Mutoto wake alivuta karai, mafuta ya mandazi yakamurukia. Alisema alimupiga yule mutoto, na mupaka leo anajuta juu ya hiyo fimbo moja."

Perpétue alikaa chini. Tangu Uvira hajamsimulia mtu habari ya lile karai.

Chantal alikuwa amesikia yote. Alikuja, akamshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu.

"Perpétue. Jana mi nilivaa kitenge cha harusi."

"Najua," Perpétue akasema.

Aliinuka, akauchukua ule mlango, akaufunga tena mgongoni, akamgeukia Gradi.

"Washa pikipiki."